Mama Mkwe na Baiskeli ya Umeme

Napenda kuanza kwa kukanusha. Si kweli kwamba nilimfunga mama mkwe wangu kwenye mashine ya kusaga nikamsukuma kuelekea ziwani. Maneno hayo yalianzia kwenye foleni ya bomba la maji Butimba, yakapita Mkuyuni yakinenepa, na yaliponirudia nyumbani yalikuwa yameongezewa moto, moshi na polisi wawili. Polisi hawakuwapo. Moshi ulikuwapo, lakini kidogo, na ulitokea siku nyingine kabisa. Kwa kuwa waliosimulia ni wengi na aliyehusika ni mimi, naona ni haki nilieleze jambo lenyewe kwa utaratibu wake.

Nilikuwa nimestaafu kabla ya wakati. Serikali ilikuwa inapunguza watumishi, na mimi, niliyekuwa msimamizi wa masijala katika ofisi moja ya mkoa, nilipunguzwa kwa barua ambayo, kwa masikitiko yangu, ilikuwa na makosa ya sarufi. Nilirudi Butimba nikakaa nyumbani, nikawa na muda mwingi kuliko mtu mwenye akili timamu anavyopaswa kuwa nao.

Wakati huo mama mkwe wangu alikuwa anaishi kwetu, katika nyumba ya uani. Sisemi "nyumba ndogo", ingawa ilikuwa ndogo, kwa sababu maneno hayo siku hizi yamepewa kazi nyingine isiyo na heshima. Alikuwa mjane, mzaliwa wa upande wa Mara kandokando ya ziwa, Mkristo wa kusali alfajiri na jioni, na mwenye ulimi ambao hakuna mtu mtaani aliyependa kuujaribu. Aliteleza kwenye mawe akiteka maji, akavunjika nyonga, na mke wangu, ambaye ni binti yake wa pekee, akamleta mjini awe karibu na hospitali. Mfupa uliunga, lakini uliunga kwa masharti: aliweza kutembea na mkongojo kutoka mlangoni hadi jikoni, na kutoka jikoni hadi kwenye mkeka wake. Zaidi ya hapo hapana.

Alikuwa na dada yake mkubwa, aliyeolewa zamani upande huu wa ziwa, akawa anaishi katika kijiji kimoja mbele ya Luchelele. Macho ya dada huyo yalikuwa yamefifia na yeye pia hakuweza tena kusafiri. Kwa hiyo ndugu wawili waliolala kitanda kimoja hadi siku walipoolewa, sasa walikuwa wametenganishwa na umbali ambao mtu mwenye miguu mizima angeutembea kwa asubuhi moja, na walikuwa hawajaonana tangu kabla ya nyonga kuvunjika. Kila mimi na mke wangu tuliporudi kutoka ibadani, mama mkwe alisema maneno yaleyale, akiyaelekeza kwa binti yake lakini kwa sauti ya kunifikia mimi sebuleni:

"Sitaki kupelekwa kumwona dada yangu akiwa amefunikwa shuka. Nataka nimkute anaongea, hata kama ananitukana."

Inabidi nieleze kwa nini alimwelekezea binti yake. Kwao, kama ilivyo kwetu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawakai kwenye kiti kimoja, na hawaamrishani. Salamu ilikuwa ya mbali: mimi nilisema "Shikamoo, mama," nikiwa nimeutazama ukuta, naye aliitikia "Marahaba," akiwa amewatazama kuku. Jambo lolote zaidi ya hilo lilipitia kwa mke wangu. Nimetumikia serikali muda mrefu, na nathibitisha kwamba sijapata kuona mawasiliano yakifuata ngazi kwa uaminifu kama ule.

Usafiri wa kumfikisha kwa dada yake haukuwapo. Pikapu ilikwenda huko siku za gulio, lakini abiria walikaa juu ya magunia, na nyonga ile isingepanda gunia. Madereva wa teksi walikuwa wakiisikia ile njia ya mawe wanafunga vioo. Baiskeli nilikuwa nayo, lakini mama mkwe apakiwe na mkwe wake, tena amshike kiuno! Hata kulitaja lilikuwa kosa. Nililitaja mara moja tu, kwa nia njema, na mke wangu hakusema nami hadi kesho yake.

Ndipo nikasikia habari za baiskeli ya umeme. Hizo zilikuwa siku za soko huria. Maduka ya mjini ambayo zamani yaliuza sabuni ya aina moja, na kwa kibali, sasa yalikuwa yamejaa vitu kutoka Dubai ambavyo hata muuzaji hakujua kazi yake. Katika duka mojawapo ilining'inia baiskeli nyekundu yenye kibao: BAISKELI YA UMEME, BEI POA. Nikavua kofia, nikaingia.

"Shikamoo, mzee," alisema muuzaji.

"Marahaba. Huu umeme wake unafanya nini?"

"Unafanya kila kitu, mzee wangu."

"Unasukuma?"

"Unasukuma nini?"

"Baiskeli, bwana."

"Aa, kusukuma unasukuma mwenyewe. Umeme ni wa taa na honi. Hebu sikiliza." Akabonyeza kitufe, na honi ikapiga nyimbo tatu mfululizo, mmojawapo wa Krismasi.

Nilimweleza kwa Kiswahili cha ofisini kwamba kibao chake kinapotosha umma.

"Kwani mzee, nimeandika baiskeli ya kusukumwa na umeme?"

Kwa kweli hakuwa ameandika hivyo. Nilitoka dukani nikiwa nimeshindwa kwa hoja ya sarufi, jambo ambalo halikuwa limewahi kunipata.

Kwa kuwa ya kununua haikuwapo, na kama ingekuwapo isingelingana na kiinua mgongo changu, niliamua itengenezwe. Mabatini palikuwa na fundi wa kuchomelea, mtu wa rika langu, mnene, asiyejua neno "labda". Katika karakana yake alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu, ya zile za watu wasioweza kutembea, ambazo huendeshwa kwa kuzungusha mikono. Kutu ilikuwa nyingi, lakini kiti kilikuwa kipana na cha chini: mtu angeketi bila kupanda. Mabega ya mama mkwe yasingeweza kuizungusha kwa mikono kwa safari nzima, lakini nilikuwa na mpango. Ningeivuta kwa baiskeli yangu.

Mpango huo mama mkwe aliukataa kwa swali moja. Alilitoa kwa binti yake, na binti yake akaniletea sebuleni: tukifungwa pamoja, vitakuwa vyombo viwili au kimoja?

Nilijibu kwamba vikiunganishwa kwa chuma ni kimoja, na vikiunganishwa kwa kamba ni viwili. Mke wangu akaenda uani, akarudi.

"Anasema chuma hapana, ni kama kukaa kiti kimoja na wewe."

"Basi kamba."

Akaenda, akarudi, safari hii ameziba mdomo kwa kitenge. "Anasema kwenye mteremko kamba italegea, naye atakugonga kwa nyuma. Anauliza, akishamgonga mkwe wake kwa nyuma, atazikwa wapi?"

Ilibidi chombo kijiendeshe chenyewe, na dereva awe yeye.

Fundi alisema hilo ni jambo dogo. Alifunga mota ya waipa ya basi, ile ya kufutia mvua kiooni, akaahidi kwamba ingemfikisha mama hata Musoma. Gurudumu lilipokuwa hewani ilizunguka vizuri sana. Mama mkwe alipoketi, ilinung'unika, ikazima.

"Mwambie fundi," alisema mama mkwe kwa binti yake, "mvua bado haijanyesha."

Ikafuata stata ya lori, ile ya kuwashia injini. Hiyo haikunung'unika. Iliruka, ikakata mnyororo, ikaunguza waya, na ikaimaliza betri kabla chombo hakijafika getini. Huo ndio moshi nilioukiri, na naomba ieleweke kwamba kwenye kiti palikuwa na gunia la mchanga, si mama mkwe.

Kilichotuokoa ni dainamo ya Landrova ya zamani, na sitadai kwamba tuliifikia kwa akili. Fundi alitaka kumwuzia mtu mwingine, akaiunganisha na betri ili kumwonyesha kwamba haijafa. Dainamo, ambayo kazi yake ni kutoa umeme inapozungushwa, ilipopewa umeme ikaanza kuzunguka yenyewe, polepole na bila pupa. Fundi aliruka nyuma akashika kifua. Kisha akavuta suruali yake juu na kusema, "Nilijua."

"Ulijua, halafu ukaruka?"

"Nimeruka kwa furaha, mzee."

Tuliifunga nyuma ya kiti kwa mnyororo na gia za baiskeli mbovu, betri ya gari ikakaa chini ya kiti, na swichi kubwa ya mkono ikawekwa upande wa kulia: ukiinua unakwenda, ukishusha unazima. Breki ilikuwa kushoto. Mwendo wake ulikuwa wa mtu aliyechelewa ibadani lakini hataki aonekane anakimbia. Ili kuwakinga wapita njia, fundi aliandika kwa rangi nyekundu nyuma ya kiti: HATALI UMEME. Fundi wangu, kama wengi wetu wa huku ziwani, herufi L na R alizitumia kwa zamu. Nilimrudisha kazini arekebishe. Alirekebisha, ikawa HARATI. Nikaona niache ilivyo, kabla haijawa neno baya zaidi.

Mazoezi tuliyafanya kwenye kiwanja cha mpira karibu na nyumbani. Mama mkwe aliketi wima, amevaa gauni lake la kanisani, mkongojo mapajani. Mimi nilisimama pembeni na mke wangu akasimama katikati yetu.

"Mwambie mama ainue swichi taratibu."

"Mama, inua swichi taratibu."

Akainua. Dainamo ikaguna, chombo kikaondoka, na wanawake waliokuwa wanakwenda bombani wakatua ndoo na kupiga vigelegele. Nakiri nilipatwa na fahari kidogo.

"Mwambie akate kushoto."

"Mama, kata kushoto!"

"Nimeshakata!" akaitikia, na kweli alikuwa amekata, vizuri kuliko madereva wengi waliopitishwa na serikali. Lakini mbele ya kona ile palikuwa na shamba la mihogo la jirani.

"Mwambie azime. Azime! Ashike breki!"

"Azime kwanza au ashike breki kwanza?"

"Vyote!"

"Mama, baba anasema vyote!"

"Vyote vipi?" akauliza mama mkwe, na majani ya mihogo yakamfunika hadi mabegani.

Nilikimbia, nikasimama kwa umbali wa heshima, nikautazama mhogo mmojawapo. Hakuwa ameumia. Alikuwa anatoa majani kwenye kilemba kwa utulivu mkubwa.

"Muulize mama," nilisema huku nikihema, "kwa nini hakushika breki? Nimepaza sauti hadi nimekohoa."

"Mwambie nilimsikia."

"Ulimsikia, mama?"

"Vizuri kabisa. Lakini alikuwa hasemi na mimi."

Sasa nawauliza wale wa bombani: katika hilo, mashine ilikosa wapi? Fundi alitaka kuongeza breki ya pili. Nilimweleza kwamba breki ziko za kutosha, kilichopungua ni njia ya kuzifikia. Nilikaa nikalifikiria suala hilo jioni nzima, na mwishowe nikapendekeza filimbi. Filimbi si neno, kwa hiyo haiwezi kuwa amri. Pendekezo likapelekwa uani. Majibu yakaja kwamba filimbi inakubalika, kwa kuwa haina ukoo na mtu yeyote, ila isipigwe kwa hasira. Tangu hapo nilipiga mara moja asimame, mara mbili aondoke, na hapakuwa tena na mhogo ulioguswa.

Tulingoja betri. Ulikuwa wakati wa mgao wa umeme, na pale Mkuyuni wanapochaji betri palikuwa na foleni ya wenye redio na wenye video za kuonyeshea watu sinema. Ilipojaa, tuliondoka Jumamosi asubuhi na mapema. Mama mkwe alitangulia. Mimi nilifuata kwa baiskeli yangu, mke wangu amekaa kwenye keria, filimbi shingoni mwangu. Tulipita nyumba za mwisho, tukaingia kwenye njia ya mawe yale makubwa yaliyobebana kama mizigo ya mtu anayehama. Wenye baiskeli waliotoka ziwani na matenga ya samaki walitupisha wakashuka kabisa, wakasoma maandishi nyuma ya kiti, wakaulizana Harati ni nani. Mama mkwe aliwasalimu wote kwa mkono, kama kiongozi aliyetoka ziara.

Njiani kila mara alijinyoosha kutazama mbele, na mke wangu akaninong'oneza, "Anaogopa. Anaogopa tusije tukakuta wameshatandika mikeka ya msiba uwanjani." Hapo nilikumbuka kwamba hatukuwa tumepata habari yoyote ya yule dada kwa wiki kadhaa, na kwamba mimi nilikuwa nimeshughulika na gia tu.

Mlima wa mwisho, ule ambao ukiumaliza unaliona ziwa, ndio uliotushinda. Dainamo ilipunguza sauti, ikaguna mara moja, ikanyamaza. Nikakagua waya. Betri ilikuwa imekwisha.

"Mwambie mkwe," alisema mama mkwe, "hiki kitu kimesinzia."

Kusukuma kulikuwa lazima, na hapo likazuka suala jipya. Nikishika kiti alichokalia mama mkwe, je, si sawa na kumshika yeye? Mke wangu aliuliza. Mama mkwe alifikiri, akatazama ule mlima, akatazama jua. Uamuzi wake ulikuwa kwamba kiti akishike binti yake, na mimi nimshike binti yake, kwa kuwa huyo nilikwisha kumtolea ng'ombe.

Nikaiacha baiskeli yangu kwenye nyumba ya watu iliyokuwa kando ya njia. Mke wangu akaweka mikono kwenye kiti, mimi nikaweka mikono mgongoni mwa mke wangu, tukapanda. Nadhani ndicho kipande cha safari walichokiona waliopeleka habari bombani. Kijana mmoja mvuvi alisimama na tenga lake.

"Shikamoo mzee. Mbona unamsukuma mama badala ya baiskeli?"

"Marahaba. Ndiyo utaratibu wake."

"Na yeye akichoka, nani anakusukuma wewe?"

"Pita, kijana," alisema mama mkwe kutoka mbele, bila kugeuka. "Huyu anasukumwa na kiherehere."

Sikumbuki mara nyingine ambapo mama mkwe alinitaja kwa sifa mbele ya watu, na nimeamua kuichukua kama sifa.

Tulipofika, uwanja ulikuwa umefagiwa na haukuwa na mkeka hata mmoja. Mlangoni, juu ya kigoda, alikuwa ameketi bibi mwembamba akichambua dagaa kwa vidole, macho yake yametazama mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Nani hao wanaokuja wanahema?" akauliza.

"Ni mimi," alisema mama mkwe.

"Wewe nani?"

"Uliyekuwa unaninyang'anya shuka."

Vidole vilisimama juu ya dagaa. "Mwongo wewe," alisema yule bibi. "Aliyekuwa ananyang'anya ni wewe. Mpaka leo nina baridi."

Sikusikia kilichofuata, kwa sababu hakikuwa na maneno. Mke wangu alimsaidia mama yake kushuka, nami nikageuka kutazama ziwa. Adabu ilinitaka nigeuke, na hata bila adabu ningegeuka.

Kijijini hapo hapakuwa na umeme. Ilibidi nifungue betri, niifunge kwenye keria yangu, niirudishe Mkuyuni nikaichaji, kisha niilete tena ili mama mkwe arudi nyumbani. Mke wangu alibaki nao hadi siku ya gulio, akarudi na pikapu, akanikuta nimeshaiondoa betri kwenye foleni ya mgao na kuifuta vumbi.

"Mama anasema usiharakishe," aliniambia. "Anasema ijae vizuri."

"Imejaa."

"Anasema ijae vizuri zaidi."

Jumapili iliyofuata tuliipeleka. Kumbuka kwamba betri ni nzito, na mlima ule ni uleule. Tuliwakuta ndugu hao wamekaa kwenye mkeka mmoja, miguu imenyooshwa, wakibishana habari za mwalimu wa katekisimu aliyekufa zamani. Niliifunga betri mahali pake, nikarudi nyuma kwa umbali unaotakiwa. Mama mkwe aliitazama kwa muda mrefu.

"Mwambie mkwe haijajaa."

"Mama, imejaa, ameichaji."

"Mimi naiona. Haijajaa. Mtu akiwa na njaa si anaonekana usoni?"

"Hata mimi naiona," alisema yule dada asiyeona.

Nilikuwa na balbu ya kupimia mfukoni. Niliinama nikaigusisha, na ikawaka mwanga mweupe usio na shaka yoyote. Katika utumishi wangu wote sikupata kutia saini jambo ambalo macho yangu yamelikanusha. Nilitazama mkeka. Mama mkwe alikuwa amevuta pindo la kitenge cha dada yake akajifunika nalo miguu, na dada yake alikuwa anakivuta kirudi.

Niliirudisha balbu mfukoni. Nikamwambia mke wangu amweleze mama kwamba nimeipima, na kwamba kwa maoni yangu betri bado, na huenda ikachukua hadi mvua zianze. Kisha nikaifungua, nikaifunga kwenye keria, nikashika njia ya Butimba. Betri iliyojaa na ambayo haijajaa zina uzito uleule, na hilo pia ningependa lieleweke bombani.